Ishara za Baba

Bwenini, 12 Februari

Dada mpendwa,

Ujumbe wa simu nimekutumia wa "nimefika salama" na unatosha. Hii ndiyo barua yenyewe, kama tulivyozoea tangu wewe ulipokuwa bwenini na mimi nikiwa sijui hata kushika kalamu sawasawa. Kaa chini kwanza, maana nataka ucheke vizuri.

Unajua nimebakiza muhula mmoja. Kampuni ya umeme imeniandikia kwamba nafasi yangu ipo, mradi nimalize Juni. Nilidhani nimemaliza kila kitu, kumbe nimesahau masomo ya jumla. Chuo hiki hakimwachi mtu aondoke na shahada ya umeme akiwa anajua umeme tu. Uwe wa sheria, uwe wa kilimo, lazima uandike insha, usome historia, uguse sanaa, na ujifunze lugha moja zaidi ya zile ulizosomea shuleni. Hayo mengine niliyameza mwaka wa kwanza kama vidonge vya malaria. Lugha nikawa naisukuma mbele tu, mpaka sasa imenikaba shingoni.

Basi wiki iliyopita nikajiona mjanja. Kwenye lugha zinazokubalika nikakuta lugha ya ishara. Na kanuni inasema, anayeijua lugha tayari anaomba apimwe, akifaulu anasamehewa somo. Nikajisemea, Waya, wewe mwenye dada kiziwi umezaliwa na ngekewa. Nikaenda kuomba kupimwa.

Mwalimu ni mama wa makamo, kiziwi, miwani inaning'inia kifuani. Akanipa karatasi iliyoandikwa nieleze habari za nyumbani kwa ishara. Dada, nilieleza! Baba kinyozi, nikapapasa kidevu. Wewe unatengeneza meno. Mama na ugonjwa wake wa kupiga pasi kila kitu mpaka leso. Nikamalizia na ile siku maji yalipoingia dukani na Baba akapanda juu ya kiti na mteja akiwa bado kwenye kiti. Mwalimu alinitazama mpaka mwisho, hakucheka hata kidogo. Kisha akachukua chaki akaandika ubaoni: "Unaongea na nani kwa ishara hizi?"

Nikaandika: "Na dada yangu. Tangu utoto."

Akaandika: "Sijaelewa hata moja. Jumatatu saa mbili asubuhi. Kaa mbele."

Nadhani hapa wanafundisha ishara za mji mwingine. Likizo fupi ya Aprili nakuja, tufanye mazoezi wewe na mimi, tuwaonyeshe kazi. Ila usimwambie Baba kwamba nimechemsha. Atafunga duka aje kumfundisha mwalimu.

Mdogo wako,
Waya


Karakana, 20 Februari

Wewe Waya,

Nimecheka mpaka bosi akaja kuangalia kama nimeungua. Tuko kwenye kazi ya mzee mmoja aliyeletwa na daktari wa meno wa ghorofani. Anataka meno mapya ya juu, lakini anataka na mwanya aliokuwa nao ujanani. Bosi anasema watu wakiona mwanya watadhani sisi ni mafundi wabovu. Nimemwandikia kwenye kibao: mwenye mdomo ndiye anayetafuna. Amenuna, lakini nta ya kushikilia meno ameniachia niyapange mwenyewe, na mwanya nimeuweka.

Kuhusu kuchemsha sijasema. Nimesema tu kwamba unasoma ishara chuoni. Kosa langu. Mama ameniandikia nyuma ya bahasha ya bili ya maji kwamba Baba sasa hana habari nyingine. Kila anayekaa kwenye kiti anaambiwa: "Chuo kikuu ndiyo kwanza kimefika nilipofika mimi miaka ishirini na tano iliyopita." Jana alimwambia hivyo mteja huku wembe uko shingoni, na mteja akakubali kila kitu.

Usijisumbue sana na huyo mwalimu. Mfuate anavyotaka, jibu anavyotaka, upite. Masomo ya lazima ndivyo yalivyo. Aprili sijui kama nitakuwa na nafasi ya mazoezi, kazi zimerundikana. Uje tu ule, ulale, unenepe kidogo. Ukipita kwenye upepo tunashika roho.

Dada yako


Bwenini, 15 Machi

Dada,

Nakwenda kufeli. Nakuambia mapema usije ukasikia kwa watu.

Darasani kwetu mdomo unaachwa mlangoni. Mwalimu anaingia, anafunga mlango, na kuanzia hapo atakayetoa sauti anagongewa meza. Kuna kijana wa sheria aliteseka wiki ya kwanza nikadhani atalazwa. Sasa anaongea kwa mikono kuliko wote na bado hanyamazi. Binti wa kilimo ndiye anayeongoza. Mimi niliyekulia na ishara ndiye wa mwisho. Wenzangu wanajifunza, mimi najifunza na wakati huo huo nasahau. Nikitaka kusema "kesho", mkono unakwenda wenyewe shavuni, nalala, nafungua macho, kama tunavyofanya nyumbani. Darasa zima linanisubiri niamke.

Na uso. Kumbe nusu ya maneno iko usoni. Mwalimu aliniandikia kwenye kitabu: "Mikono yako inajitahidi. Uso wako umekufa. Umezikwa lini?"

Jaribio la katikati ya muhula nimepata thelathini na nane. Pasi ni hamsini. Mwalimu akaniita ofisini. Akaandika: "Dada yako alisoma wapi?" Nikamtajia shule yako ya bweni. Akavaa miwani. Kisha akaandika kwamba yeye mwenyewe alifundisha pale kabla hajaja chuoni, na kwamba hajawahi kuona mtoto aliyetoka pale bila lugha hii. Wote wanaongea kama yeye. Akaandika: "Labda hamkuwahi kuongea."

Nimekasirika siku mbili. Nilitaka kumjibu kwamba sisi tunaongea tangu mimi nina miaka miwili. Ndipo nikaanza kukumbuka tumeongea nini. Chakula tayari. Mvua. Baba anakuita. Twende. Ngoja. Nzuri. Mengine yote, Dada, yale yote ninayoyajua juu yako, mwanya wa yule mzee, bosi wako, unavyowaza, nimeyapata kwenye barua.

Unaijua lugha hii?

Waya


Nyumbani, 29 Machi

Mdogo wangu,

Ninaijua. Na huyo mwalimu ninamjua pia. Alikuwa anatufundisha sayansi, na tukisinzia alikuwa anapuliza unga wa chaki. Mwambie yule msichana aliyevunja mfano wa fuvu anamsalimu.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nimeandika barua hii mara nyingi na kila mara ilitoka kama malalamiko, na mimi sina malalamiko.

Nilirudi likizo ya kwanza nikiwa na miaka tisa, mikono imejaa. Nilikuwa najua kusema kesho kutwa, kwa sababu, nadhani, laiti. Ndani ya basi nilipanga nitakachowaambia na kwa mpangilio gani. Baba akanipokea stendi, akanipeleka moja kwa moja dukani. Wateja watatu walikuwa wamekaa kwenye benchi, mmoja amenyolewa nusu kichwa, na wote wakainua mikono wakanisalimu kwa ile ishara ya Baba ya kupapasa kidevu, ambayo kwake ni kinyozi na ni salamu pia. Alikuwa amewafundisha muhula mzima. Kisha akasimama kando, kitambaa begani, ananitazama.

Wewe ungefanya nini?

Nilipapasa kidevu.

Nilisema nitamwambia likizo inayofuata. Likizo inayofuata akawa ametunga ishara mpya, ya bweni, kitanda juu ya kitanda, na alikuwa na furaha nayo kuliko mimi. Ikawa hivyo. Wewe ulikuwa na miaka mitano, ungenitangaza mtaa mzima. Ulipokua ukawa na wewe unajivunia kuliko Baba. Mama peke yake hakuwahi kusema anajua ishara. Yeye huniandikia, na sikumbuki tumewahi kukosana.

Sasa sikiliza. Kazi ya umeme haitakupita kwa sababu yangu. Njoo Aprili. Nyumbani tutaendelea kama kawaida. Mchana utaniletea chakula karakana, bosi huwa anatoka kwenda kulala, na pale nitakufundisha mpaka huo uso wako uliozikwa ufufuke. Baba asijue. Sitaki, na sitaki unibembeleze.

Dada yako


Dukani, 26 Aprili

Mwanangu,

Natumaini ulifika salama. Mimi si mtu wa kuandika, mkono wangu umezoea mkasi, kwa hiyo vumilia.

Siku ya Alhamisi kabla hujaondoka, dada yako alisahau miwani yake ya kazi mezani. Nikaona asije akaingiwa na vumbi la plasta, nikafunga duka mchana nimpelekee. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Mmekaa wawili katikati ya yale mataya ya plasta, mmeelekeana, mikono inakwenda. Nikadhani mnagombana. Nikataka niingie niwaamue. Halafu akacheka. Akaanza kukueleza jambo refu, uso mzima unafanya kazi, nyusi, mabega, wewe ukamkatiza, akakupiga mkono, akaendelea. Mwanangu, sikuambulia hata moja. Nilisimama pale kama mtu aliyekuja kunyoa akakuta duka limeuzwa.

Uso ule sijawahi kuuona. Nyumbani ana uso wa mtu anayemsikiliza mgeni kwa adabu. Nilikuwa nawaambia watu, binti yangu ni mpole.

Miwani niliiacha dirishani nikaondoka.

Sikukasirika, usidhani hivyo. Tulipoambiwa hasikii alikuwa na miaka miwili. Daktari alisema tumpe muda. Hakuna aliyetuambia ipo lugha yake. Nikaona mtoto hawezi kukaa ndani ya nyumba bila kuambiwa kwamba chakula kiko tayari na chai ni ya moto. Nikatunga ya kula, nikatunga ya maji, ya moto, ya kulala. Zilipofika za kutosha siku nzima nikaona nimemaliza kazi. Hapo ndipo nilipokosea hesabu, siku nzima ya mtoto wa miaka mitatu si siku nzima ya mtu.

Nijibu swali moja. Kwa nini ananificha? Ananiona mimi nani? Na usimwambie kwamba nimeuliza.

Jana mteja mgeni amesikia sifa zangu, akaniomba nimfundishe salamu ya ishara. Nikajifanya mashine imepata joto.

Mama yako anakusalimu. Anauliza zile soksi ulizoacha ni za kufua au za kutupa.

Baba yako


Karakana, 11 Mei

Waya,

Umemwambia?

Baba amebadilika. Tangu umeondoka haniashirii kitu. Chakula kikiwa tayari ananionyesha sahani kwa kidevu. Jumapili huwa anakaa na mimi kibarazani, ananieleza wateja wake: huyu mnene, huyu analala kwenye kiti, huyu hana nywele lakini anakuja kila wiki. Sasa anakaa mikono ameikunja kifuani kama mtu anayesikia baridi. Nimemwandikia Mama kumuuliza kama anaumwa. Kaandika: "Anakula sahani mbili. Hakuna ugonjwa wa hivyo."

Jana nilimwanza mimi. Nikapapasa kidevu. Alipapasa chake, mara moja, akaangalia pembeni.

Nilikuambia sitaki ajue. Ishara zake si nyingi na si lugha, lakini ni zake na zangu, na nilikuwa tayari kuishi nazo. Kama umemwambia, sema tu, nijue namna ya kumkabili.

Mimi


Bwenini, 17 Mei

Dada,

Sijamwambia chochote. Hiyo ni kweli, na ukiniuliza tena nitakujibu hivyo hivyo.

Mtihani ni tarehe 5 Juni. Atakuja mgeni, kiziwi, mtu tusiyemjua, na kila mmoja wetu atakaa naye peke yake aongee naye. Hakuna kuandika. Mwalimu atakaa pembeni na kalamu. Baada ya yale ya karakana ninafika hamsini na moja, hamsini na mbili, nikilala vizuri. Nikikwama, Juni imekwenda, na kampuni imeshasema haisubiri.

Uso umefufuka kidogo. Binti wa kilimo anasema nikiuliza swali naonekana kama mtu aliyeona nyoka, lakini angalau inajulikana kwamba ni swali.

Mvumilie Baba. Najua barua hii ni fupi.

Waya


Bwenini, 9 Juni

Baba, shikamoo.

Nimefaulu. Hamsini na tano, si ya kutangaza kwa wateja, lakini naomba uitangaze. Tarehe 1 Julai naanza kazi. Soksi ni za kutupa.

Sikujibu barua yako kwa sababu nilikuwa sijui nikujibu nini bila kuwasaliti watu wawili. Sasa najua, maana nimelazimishwa kujibu.

Mgeni wa mtihani alikuwa mzee, fundi cherehani, ana tepu ya kupimia shingoni hata pale. Akaniuliza nilisoma nini, nikaeleza umeme, akauliza mbona taa za barabara ya kwake haziwaki, nikajitetea. Mpaka hapo nilikuwa sawa. Ndipo akauliza nimejuaje ishara. Nikasema dada yangu. Akauliza: na baba yako anaongea naye?

Baba, ningeweza kusema ndiyo nikapata maksi zangu. Ni ishara moja. Nikaanza nayo, nikaiacha njiani. Nikamwambia hivi, na niliirudia mara mbili kwa sababu nilikosea katikati: Baba yangu alitunga ishara zake mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu yeyote kwamba zipo nyingine. Ni chache. Aliwafundisha wateja wake wote. Dada yangu alipopata lugha aliiacha mlangoni kila aliporudi, ili asimwaibishe. Wote wawili wanajua sasa, na hakuna anayemwambia mwenzake.

Mzee alimgeukia mwalimu wakaongea haraka, sikuwafuata. Kisha akanigeukia akaniuliza taratibu kabisa, kama mtu anayepima suruali: "Sasa wewe unakaa katikati unafanya nini?"

Nikarudi kwenye taa za barabara yake. Nadhani ndiyo maana maksi ni hamsini na tano.

Uliniuliza anakuona nani. Ameniambia sababu na sababu si mbaya, lakini si yangu kuisema. Nenda kamuulize. Na safari hii ingia ndani, Baba, usiache kitu dirishani ukaondoka.

Mwanao


Karakana, 3 Agosti

Waya, bwana mkubwa wa umeme,

Nimepata picha yako na kofia ya kazi. Kofia imekaa vizuri, ila ndani yake sioni mtu. Kula.

Baba alikuja. Siku ya kazi, saa za kazi, duka amelifunga. Aliingia mpaka kwenye meza yangu, bosi akadhani anataka meno. Akasimama, akanionyesha sentensi tatu. Alizipata wapi sijui, ila Mama anasema ametoka nyumbani Jumamosi mbili amevaa shati jeupe, na yule fundi cherehani wako ana binamu anayejua ishara mtaa wa pili. Sentensi mbili sikuzielewa kabisa. Ya tatu ilikuwa: "Usoni kwako, mimi nataka." Nilikaa nayo kidogo nikaielewa.

Tukaandikiana hapo hapo kwenye kibao changu, tukifuta na kuandika, mpaka bosi akaniruhusu niondoke. Yaliyoandikwa yamefutwa na sikuelezi.

Tangu hapo namfundisha. Ni mwanafunzi mbaya kuliko wewe. Hakubali kuweka mkasi chini, kwa hiyo kila anachosema kinatisha. Na anabishana na mwalimu: nikimwonyesha ishara anasema ya kwake ilikuwa bora. Mara moja moja kweli ilikuwa bora, sijamwambia.

Habari yenyewe ni hii. Karakana kubwa ya mji wa pili wameona kazi yangu, wananitaka. Mshahara mzuri, chumba kipo, na watu wanne pale ni viziwi. Nikamwambia Baba Jumapili, kwa lugha yangu, taratibu. Zamani ningempapasia kidevu, ningeonyesha mbali, angeonyesha nzuri, basi, ningehama.

Akasema hapana.

Waya, katika ishara zake za zamani kulikuwa na hapana ya moto na hapana ya wembe. Hapana yenye sababu haikuwepo. Hii ilikuwa na sababu. Kwamba mji ule una maji mabaya. Kwamba bosi mpya hamjui. Kwamba amenipata juzi tu na mimi nafunga mizigo. Alikosea karibu kila neno na nilielewa kila kitu. Nikamjibu. Akanikatiza! Nikamwambia yeye ndiye aliyenipeleka bwenini nikiwa na miaka tisa, sasa nina ishirini na saba analia nini. Akasema wakati ule alikuwa hajui anampeleka nani. Nikagonga meza. Akagonga. Mama akanyanyua kikombe chake kisimwagike, akaendelea kunywa, akatutazama mmoja baada ya mwingine kama anayeangalia mpira. Hoja moja alinishinda, ile ya maji. Sijawahi kushindwa na Baba kwa sababu hatukuwahi kushindana.

Kazi nimeikubali. Nahama mwisho wa mwezi. Baba bado hajakubali, na kila jioni akishafunga duka anakuja kuniambia kwa nini, na kila jioni ana sababu mpya. Ya jana ilikuwa ya kijinga kabisa, ilimchukua muda mrefu kuisema, na sikumsaidia hata neno moja.

Sina haraka ya kumshinda.

Dada yako